Gemu Ikigoma, Usikimbilie Kuuza Laptopu

Wasee, hii tabia lazima tuiongelee. Gemu ikikataa kufunguka mara mbili tu, mtu ashaanza kusema mashine imechoka, iuzwe. Naiona kwa komenti kila wiki, na hapa Machakos naisikia hadi kwa mafundi. Mimi naona ni uvivu, na uvivu wenyewe unakula pesa za watu ambao hawana.

Chukua binamu yangu, amemaliza Form Four juzi. Mamake alimnunulia laptopu ya ex-UK, HP EliteBook 840 G3, na pesa ya chama. Akaweka GTA San Andreas. Dakika kumi za kwanza iko fiti, halafu CJ anaanza kutembea kama picha zinazobadilishwa moja moja. Fundi mmoja wa tao akaiangalia bila hata kuifungua: grafiki kadi imeungua, lete 9,000.

Kadi gani sasa? Kwa hiyo mashine grafiki ni Intel HD 520, na imo ndani ya prosesa yenyewe. Hakuna kadi ya kutoa, hakuna ya kuweka. Tena fikiria kidogo: San Andreas ilitoka kwa PC Juni 2005. Prosesa iliyotengenezwa miaka kumi baadaye ishindwe nayo vipi?

Tulichofanya ni kufungua Task Manager, tukaacha gemu inacheza, tukaangalia spidi ya prosesa. Ilianza juu ya 2 GHz. Ilipofika ule wakati wa kukwama, ikashuka chini ya 1. Hiyo ni joto. Prosesa ikichemka inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue. Tukafungua chini: feni imejaa vumbi hadi imeshikana kama blanketi. Brashi, pesti mpya ya prosesa ya mia chache, basi. Saa hii anacheza usiku mpaka mamake anazima taa kwa hasira.

Na saa zingine shida si ya mashine kabisa, si hata ya Windows. Hii ndiyo stori ninayoipenda kuliko zote. Windows 11 24H2 ilipotoka Oktoba 2024, wachezaji wa San Andreas wakagundua Skimmer, ile ndege ya kutua majini, imepotea. Haiko popote. Ukilazimisha itokee, CJ anarushwa angani asikorudi. Kila mtu: Microsoft wameharibu gemu!

Kumbe hapana. Msee mmoja anayejiita Silent, yule wa SilentPatch, alichimba akaeleza Aprili 2025. Kwenye gemu kuna faili inayoitwa vehicles.ide, kila gari lina mstari wake wa vipimo. Kwa Vice City, Skimmer ilihesabiwa kama boti, na boti haina vipimo vya magurudumu. Kwa San Andreas wakaifanya ndege, lakini zile namba hawakuongeza. Gemu ikifika hapo ilikuwa inaokota namba zilizobaki kwa memori kutoka gari la mbele yake. Karibu miaka 20 ilibahatika zikakuwepo. Windows ikabadilisha jinsi inavyotumia hiyo sehemu ya memori, zikafutika, na ndege ikaenda nazo. Dawa? Namba nne mwisho wa mstari mmoja. Laptopu mpya isingekusaidia hata kidogo. Ingekuja na hiyo hiyo 24H2.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna darasa nililofunzwa haya. Ni kuuliza tu: ilikuwa inafanya lini, na nini kimebadilika tangu hapo?

Ikikuambia faili ya MSVCP140.dll haipo, usiitafute kwa zile tovuti za kupakua DLL moja moja. Huko ndiko virusi vinakaa. Pakua Visual C++ Redistributable kutoka kwa Microsoft wenyewe, ni bure. Ikilia d3dx9_43.dll, hiyo inakuja na DirectX ya Juni 2010, pia ni bure, bando yako tu.

Kuna wakati mashine kweli haitoshi, sikatai. Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, na hapo ukikosa hakuna brashi itakuokoa. Lakini hata hapo, anza kwa kuingia BIOS. Mara nyingi viko, vimezimwa tu.

Na ukiniandikia, niambie mashine gani, Windows gani, na imekwamia wapi. Picha ya ule ujumbe wa hitilafu ni bora zaidi. Ukisema tu "bro haifunguki" na emoji ya kulia, sina pa kuanzia.