Hodi katika Chumba cha Rubani

Nyuma ya viti vya kapteni na rubani msaidizi, katika nyingi za ndege kubwa zinazoondoka Uwanja wa Pearson mjini Toronto, kuna kiti cha kukunja ambacho hakiuzwi. Mkaguzi hukikalia anapokuja kupima kazi. Asipokuwapo, huweza kukaliwa na rubani aliye nje ya zamu, anayekwenda kazini au anayerudi kwake.

Haja ya kiti hicho huanzia nyumbani. Rubani hupangiwa Toronto kuwa kituo chake cha kazi, ilhali familia yake inaishi Halifax au Winnipeg, na kodi ya nyumba Toronto ni mzigo. Namna ya kufika kazini ni juu yake. Ndiyo maana mashirika ya ndege, hata yale yanayogombea abiria wale wale, hupatana: mbebe rubani wangu, nami nitambeba wako. Nafasi ya mgeni huyo huja baada ya abiria waliolipa na wafanyakazi wa shirika lenyewe. Mara nyingi huishia katika kiti kitupu cha abiria, kwa kuwa kanuni za Kanada hutaja ni nani awezaye kuingia chumba cha rubani.

Hata hivyo, mapatano hayo hayamfikishi kitini. Ni lazima aonyeshe kitambulisho na leseni, kisha amwombe kapteni mwenyewe, uso kwa uso. Anayeketi bila kuomba, kwa hoja kwamba jina lake limo katika orodha, amevunja adabu ya kazi, kama apitaye mlangoni kwa watu bila kupiga hodi. Kapteni anaweza kukataa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe hutolewa papo hapo. Mgeni huvaa vipokea sauti, huangalia ndege nyingine angani, na hunyamaza chini ya futi 10,000 isipokuwa ameona hatari. Ni jicho la tatu.

Imani hiyo imewahi kusalitiwa. Tarehe 7 Aprili 1994, mhandisi wa ndege wa FedEx aliyepanda kama mgeni huko Memphis aliwashambulia wenzake watatu kwa nyundo. Wakiwa wamejeruhiwa vibaya, walimshinda nguvu na kuitua ndege. Tarehe 22 Oktoba 2023, rubani wa Alaska Airlines aliyekaribishwa katika ndege ya Horizon, shirika dada, alijaribu kuzima injini angani. Wote wawili walikuwa na vitambulisho halali. Karatasi huthibitisha kazi ya mtu. Haionyeshi amebeba nini moyoni.

Lakini hatari iliyo ya kawaida zaidi haina nyundo. Tarehe 12 Februari 2009, ndege aina ya Q400, iliyoundwa Downsview hapa Toronto, ilianguka karibu na Buffalo, safari ya kama saa mbili kwa gari kutoka mjini humu. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Usiku uliotangulia, rubani msaidizi alikuwa amesafiri kutoka Seattle kupitia Memphis kwa ndege za mizigo, akiwa mgeni, akafika Newark alfajiri, akapumzika katika chumba cha wafanyakazi. Wachunguzi walitaja kosa la kapteni katika kuiongoza ndege kuwa chanzo. Walisema pia kwamba huenda uchovu uliwapunguzia marubani hao uwezo, ila kiasi chake hakikuweza kupimwa.

Hapo ndipo ukarimu huu unapoficha gharama yake. Kiti cha bure humwezesha mwajiri kupanga kazi mji mmoja na mfanyakazi kulala mji mwingine, na umbali ulio katikati hukatwa katika usingizi. Kanuni mpya za uchovu, zilizoanza kutumika kwa mashirika makubwa ya Kanada Desemba 2020, hupunguza saa za zamu na kumtaka rubani asifanye kazi akiwa amechoka. Lakini usiku wa kusafiri kwenda kazini unabaki juu yake. Mwenyeji aliyemwambia karibu hakumuuliza kama amelala. Swali hilo atajiuliza mwenyewe, atakapoketi kiti cha mbele na abiria wakiwa nyuma yake.