Meli na Daftari Lake

Apendaye kufuata safari za meli huanza na vipimo. Akisha kujua urefu, upana na mwaka wa kuundwa kwake, hudhani ameijua meli yenyewe. Dhana hiyo ni sawa na ya mtu adhaniye kumjua mwenziwe kwa kumpima kimo.

Meli iitwayo Ever Given iliundwa Japani, ikakamilika mwaka 2018. Urefu wake ni karibu mita 400, na yaweza kuchukua zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20. Namba yake ya usajili, 9811000, hudumu hata jina na bendera vikibadilishwa. Vipimo hivi vyastaajabisha, lakini havisemi neno juu ya watu.

Baada ya vipimo hufuata bandari. Meli kubwa hutangaza kwa redio jina lake, mahali ilipo, mwendo wake na kule iendako. Tarehe 23 Machi 2021, Ever Given ilikuwa safarini kutoka Tanjung Pelepas, Malaysia, kwenda Rotterdam. Ikakwama katika Mfereji wa Suez, omo ukingo huu, tezi karibu na ukingo ule, na mamia ya meli nyingine yakangoja nyuma yake. Tarehe 29 Machi ilinasuliwa, walakini haikuachiwa. Wasimamizi wa mfereji walidai fidia, mahakama ya Misri ikaamuru izuiliwe, na meli ikatia nanga katika ziwa lililo njiani mwa mfereji huo mpaka tarehe 7 Julai.

Hapo ndipo lilipozuka swali: meli hii ni ya nani? Mwenyewe alikuwa kampuni ya Japani. Mkodishaji, kampuni ya Taiwan. Msimamizi wa mabaharia, kampuni ya Ujerumani. Bendera, ya Panama. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa wakubwa walikuwa wengi, na wote walikuwa nchi kavu. Mabaharia 25 waliokuwamo ilipokwama walikuwa Wahindi, na hakuna mmoja wao aliyekuwa na hisa katika madai yale.

Meli ilifika Rotterdam tarehe 29 Julai. Katika daftari la bandari, miezi ile ni nafasi tupu kati ya mistari miwili. Msomaji mwema wa daftari huitazama nafasi hiyo kwa makini kuliko mistari yenyewe. Maana vipimo huonyesha ukubwa wa meli, bandari huonyesha njia yake, lakini kungoja huonyesha ni nani aubebaye mzigo.