Kuuza Nyumba Wakati wa Masika

Watu wetu wa pwani wana mazowea kuwa mtu akitaka kuuza nyumba hungoja masika yapite, na kipupwe kiishe, mpaka upepo wa kaskazi uvume. Sababu yake yajulikana. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti. Jiwe hili hunywa maji. Ifikapo Aprili na Mei kuta hutota, chokaa hubambuka, na boriti iliyooza hujitoa yenyewe. Kaskazi ikivuma kila kitu hukauka. Mwenye nyumba hupaka chokaa mpya, na mnunuzi huiona nyumba kama bibi arusi.

Kungoja peke yake si dhambi. Mtu ana ruhusa kuuza mali yake wakati bei ni nzuri. Lakini chokaa ile imepakwa kupamba, au kuficha?

Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la chakula sokoni akatia mkono wake ndani, vidole vikapata majimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa kimepatwa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hii ameipokea Abu Huraira (r.a.), nayo imo katika Sahihi Muslim. Tazameni, ndugu zangu: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuweka kikavu juu ya kibichi.

Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kusema "nakuuzia kama ilivyo" hakumtoi muuzaji katika ila aliyoijua akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha nyumba na kurejeshewa fedha zake, iwapo hakukawia baada ya kuijua.

Jirani yangu mmoja aliniusia nisimamie mirathi yake. Alifariki masika yakikaribia, akaacha mke, watoto wakubwa, nyumba moja na deni. Dalali akatushauri tupige chokaa, tungoje Disemba. Mwanawe mkubwa akaafiki. Nikamwambia, "Mwanangu, deni hulipwa kabla ya mirathi. Utamngojesha baba yako kaburini miezi minane kwa ajili ya chokaa?" Akanyamaza. Mamake akasema, "Sheikh, uza."

Mnunuzi alikuja siku ya mvua kubwa, akakuta sufuria imetegwa panapovuja. Nikampandisha juu nikamwonyesha boriti tatu zilizooza. Alitoa bei ndogo kuliko tuliyotumai. Tukavutana, hatimaye tukakubaliana. Deni likalipwa, mjane akapata thumni yake, na watoto wakagawana kilichobakia.

Kijana yule hadi leo husema kuwa niliwapunja. Nami humjibu kuwa kilichopungua hakikuwa haki yao, bali ni fedha ambazo mnunuzi angelizitoa kwa kutojua.

Basi enyi wenye kuuza, semeni ila ya nyumba kabla ya kutaja bei. Nanyi wenye kununua, msione uvivu kwenda kuitazama nyumba mvua ikinyesha. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na fedha zisizo na baraka. Amin.