Mkusanyaji wa Vichupa

Watu wengine hupenda kukusanya stempu, na wengine hupenda sarafu. Katika mji wa Kilwa Kivinje alikuwako kijana mmoja aliyependa vichupa vya kale vya kioo, visivyozidi urefu wa kidole. Wenzake walimcheka, wakisema, "Chupa tupu zina faida gani?" Lakini yeye hakuona haya.

Mapenzi hayo yalianza siku bibi yake alipofungua kasha ili aanike nguo. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha atari, chenye rangi ya kijani hafifu, na kizibo chake cha kioo vilevile. Mafuta yalikuwa yamekwisha zamani, lakini harufu ya waridi ilikuwamo bado. "Mjukuu wangu," bibi akasema, "hiki nilipewa na mama yangu siku ya arusi yangu. Kishike kwa mikono miwili." Kijana akakielekeza dirishani, akaona mapovu madogo sana yamefungwa ndani ya kioo. Akataka kujua yameingiaje humo.

Akauliza, akasoma, na hivi ndivyo alivyojifunza. Kioo hufanywa kwa mchanga, magadi na chokaa, navyo huyeyushwa pamoja katika moto mkali. Mapovu ni hewa iliyokosa njia ya kutoka kabla kioo hakijapoa. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi wa Misri walifinyanga udongo kwenye ncha ya fimbo, wakauvika kioo cha moto, na kilipopoa wakaukwangua udongo. Ndipo kikabaki kichupa cha manukato. Baadaye, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, watu wa nchi za Shamu wakavumbua njia ya kupuliza kioo kwa mwanzi. Kazi iliyokuwa ya muda mrefu ikawa ya muda mfupi, na kioo kikaingia hata katika nyumba za watu wa kawaida.

Tangu hapo kijana hakukitazama kichupa kama zamani. Kwanza alikipindua, kwa kuwa chupa nyingi zilizopulizwa kwa mdomo zina kovu la mviringo chini, mahali fundi aliposhikiza fimbo yake. Kisha alitafuta mshono wa kalibu ubavuni. Mshono ukipanda mpaka juu ya mdomo, yamkini chupa hiyo imefanywa na mashine, nayo mashine ya kwanza ya kufanya chupa bila mkono wa mtu ilitengenezwa Marekani na Michael Owens mwaka 1903. Hivyo alivitambua vya kale na vya juzi, asidanganywe na wachuuzi.

Hata siku moja akaenda kuyatazama magofu ya Kilwa Kisiwani, mji uliotajirika zamani kwa biashara ya dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kando ya ukuta akaona shingo ya kichupa kidogo imechomoza udongoni, ikimetameta kama magamba ya samaki. Moyo ukamdunda. Katika vichupa vyake vyote hapakuwa na kimoja kilichofanana nacho, na mbele yake hapakuwa na mtu. Akainama, akanyosha mkono.

Lakini kabla hajakigusa akakumbuka habari za Neville Chittick, aliyechimba magofu hayo katika miaka ya 1960. Mtu huyo alijua umri wa kuta kwa kuangalia vigae na vioo vilivyolala chini yake, tabaka baada ya tabaka. Kipande kilicholala mahali pake hutoa ushahidi, na kilichotiwa mfukoni huwa bubu. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale kama hivyo.

Kijana akaurudisha mkono, akaenda kumtafuta mlinzi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akampeleka, akamwonyesha. Mzee akatazama, akatia alama mahali pale, akasema, "Wengi hupita hapa, mwanangu, na mifuko yao huondoka mizito." Kijana akarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani alisikitika, na haikuwa ajabu, maana alikipenda sana kitu kile.

Usiku ule akafungua daftari jipya. Kwa kila kichupa chake akaandika kilikotoka, aliyempa, na siku aliyokipata. Vingine hakuweza kuviandikia neno, akatambua kwamba vile vilikuwa vizuri kwa macho tu.

Ninyi mnaosoma, mkipenda kukusanya kitu chochote, kusanyeni pamoja na habari zake. Ulizeni wazee wangali hai. Na mkiona kitu katika magofu, kiacheni kilale, mkamwite mwenye kukilinda.