Kuku Nawasikia, Mzee Simsikii

Kiswahili kinaweka kukubali na kukataa kwenye silabi moja. Nitauza. Sitauza. Ukiwa unalipwa kunukuu sauti za watu, kama mimi, hiyo "s" ndiyo kazi yenyewe. Na ni sauti nyembamba: mtu akififia kidogo tu, inaenda.

Mi hufanya kazi hii tangu karo iliponishinda mwaka wa tatu nikaacha chuo. Nalipwa kwa dakika ya rekodi, si kwa saa ninazokaa nikirudisha nyuma. Kuna wakati nilipewa mahojiano ya saa moja. Mzee anaeleza habari za shamba, watoto wanataka liuzwe. Kwa hedifoni zangu, kuku wa boma hilo niliwasikia fiti, mmoja kushoto, mwingine kulia. Pikipiki ilipita nikaisindikiza hadi ikapotelea mbali. Lakini mzee mwenyewe alikuwa kama anaongea kutoka ndani ya kisima.

Mteja alikuwa ashasema: ukishindwa, nimpe mwingine.

Pesa ya hedifoni mpya sikuwa nayo, kwa hivyo nilienda pole pole. Kwanza rekodi: jirani akaisikiza kwa zake, ikawa safi. Kisha nikachomeka zangu kwa simu. Kisima ni kile kile. Basi laptopu haikuwa na makosa. Kama simu ingetoa sauti nzuri, ningetafuta vumbi kwenye tundu la laptopu, halafu nizime yale "maboresho" ya sauti ambayo hujiwasha bila kukuuliza. Na kama shida ingekuwa mngurumo, ningechomoa chaja kwanza. Ukinyamaza, ujue unatoka kwa umeme.

Ilibaki waya. Nikaupinda taratibu, kutoka masikioni kushuka chini. Nilipofika karibu na plagi, mzee akatokea ghafla, hapa kwa sikio. Nikiachilia, anarudi kisimani.

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue hata hakushangaa. "Hiyo ni ground imekatika, bro." Kila upande una waya wake, akasema, lakini sauti zote hurudi kwa waya mmoja wa pamoja. Huo ukikatika, kushoto na kulia zinaanza kupingana. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Kilichoegemea upande mmoja kinabaki. Mzee alikuwa katikati, ndiyo maana alipotea. Kuku walikuwa pembeni.

Akakata kipande kibovu, akachoma rangi iliyopaka nyuzi za shaba, maana risasi haishiki juu ya rangi, akalehemu plagi mpya. Shilingi 200, dakika kumi.

Usiku huo nilimsikiza mzee kuanzia mwanzo. Karibu na dakika ya 40 anaulizwa swali ambalo mahojiano yote yalikuwa yanalizunguka. Ananyamaza. Kuku mmoja analia. Halafu anasema, pole pole, sitauza. Ile "s" ilikuwa kali kama kiberiti kikiwashwa. Kabla ya fundi, pale palikuwa na "...tauza" tu, na mtu mwenye haraka angejazia herufi anayotaka mwenyewe.

Nilituma kazi saa tisa usiku, nikalipwa dakika zangu 60. Siku hizi, kabla ya kuandika neno la kwanza, mimi hupinda waya kwanza.