Seva Kwenye Barabara ya Kambove

Nilizaliwa Likasi, upande wa viwanda vya Shituru, katika nyumba ambamo uzito ulikuwa mazungumzo ya chakula cha jioni. Baba alikuwa mtu wa karakana. Alitusimulia injini ipi ilinyanyuliwa siku hiyo, kwa mnyororo gani, na nani aliamriwa atoke chini ya mzigo. Mimi nilishika njia ya kompyuta, lakini masimulizi yale ndiyo niliyoyategemea mwajiri wangu alipoamua kuhamishia chumba cha seva Kambove, kama kilomita 25 kaskazini-magharibi ya Likasi, karibu na mgodi.

Wengi wa fani yangu huuona uhamisho kuwa kazi ya data: tengeneza nakala, zima, washa. Nakala ni lazima. Yetu ilitangulia kwa gari jingine, na hatukuiamini mpaka tulipoirejesha kwenye mashine tofauti na kufungua mafaili yake. Lakini data zikishalindwa kinabaki chuma, na chuma huvunja miguu ya watu. Kabati la kawaida lina nafasi 42, kila moja milimita 44.45, kimo chake hukaribia mita 2, na likijaa linaweza kupita nusu tani. Hiyo ni kazi ya fundi wa mizigo. Niliomba tumwajiri mmoja.

Kumpata hakukuwa kazi. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, mitambo iliyoingia katika migodi yetu ilipokelewa na watu wa mitaimbo, minyororo na kapi, na ujuzi wao ukarithiwa na Gécamines, shirika la migodi la serikali. Kisha mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walioondoka hawakuacha ujuzi wao langoni. Huyu wetu alikuwa mmoja wao, mzee anayelima mahindi nje ya mji, na alikuja na glavu zake mwenyewe.

“Papa, kabati ndilo hili,” nikamwambia, nikimtajia kilo zake.

Alilizunguka kimya, akalisukuma kidogo kwa kiganja. “Buzito yake iko fasi gani, mwana yangu?”

Swali hilo ndilo kiini cha kazi nzima. Kabati jembamba lenye vitu vizito juu liko tayari kuanguka kabla hata hujaligusa. Ukizivuta seva mbili kwa pamoja kwenye reli zake, uzito unahamia mbele na kabati zima linakufuata. Kwa hiyo tuliteremsha miguu ya kulizuia, tukatoa seva moja moja kuanzia juu kwenda chini, tukiacha betri za umeme wa akiba ziwe za mwisho, maana ndizo zilizokuwa chini kabisa zikilishikilia. Kila mashine ilibebwa na watu wawili au zaidi, na mtu mmoja tu ndiye aliyetoa amri. Yule mzee hakuruhusu sauti ya pili. Mkurugenzi alipoingia kuuliza saa, alinyamazishwa kwa mkono ulioinuliwa, naye akakubali.

Hifadhi za diski zilinipa wasiwasi zaidi. Sanduku la diski 60 linaweza kufika kilo 100, na hakuna mgongo unaostahili kuonjeshwa hilo. Diski moja kubwa ina gramu 700 hivi. Zitoe zote na umepunguza zaidi ya kilo 40. Lakini kila moja lazima irudi kwenye tundu lake. Tuliziandika namba, tukapiga picha kila upande, kila waya ukapewa alama ncha zote mbili, na skrubu za kila mashine zikaingia mfuko wake.

Tulichagua Julai makusudi. Mvua za Katanga hukoma kiangazi, na barabara haina tope, ila ina vumbi jekundu linaloingia penye tundu lolote. Hewa kavu nayo huzalisha umeme tuli, adui wa saketi, kwa hiyo plastiki ya kawaida haikufaa: vifaa viliingia mifuko maalumu ya kuzuia umeme huo, juu yake sponji nene, kisha mikanda. Hakuna kilichopangwa juu ya kingine bila ubao katikati. Dereva aliambiwa aendeshe kama aliyebeba wagonjwa, na mzee akakaa mbele naye ili kasi isiwe mjadala.

Alfajiri za Julai huku kwetu ni za baridi kali. Mashine iliyolala ndani ya lori ikifunguliwa katika chumba chenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya saketi zake. Tuliziacha zimefungwa mpaka zilipofikia joto la chumba, huku simu za kutuuliza kwa nini hatuwashi zikizidi. Wakati huo tulikagua waya wa ardhi na kupima umeme wa laini zote mbili. Kabati lilifungwa sakafuni kwa bolti kwanza, likajazwa kuanzia chini: betri, hifadhi, kisha seva. Diski zote zilizunguka. Hakuna aliyeumia hata kidole.

Ofisi ilikuwa imemwandika mzee katika orodha ya vibarua. Nilikataa kutia sahihi mpaka walipomlipa kwa kiwango cha fundi, na nilipoulizwa sababu niliwapa hesabu ya bei ya vile vifaa. Hati za uhamisho ninazoandika sasa zina nafasi ya fundi wa mizigo juu kabisa, sambamba na mhandisi wa mtandao, na zimeandikwa wazi kwamba mzigo ukiwa umeinuliwa, neno ni lake.