Kunyamaza si kusahau



Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Kiziba. Nimezaliwa humu humu kambini, na tangu utoto nilijua sala ni ngoma, makofi na kupaza sauti. Sisemi ni vibaya. Lakini mwezi wa nane tulikwenda walimu wanne Kigali, kwenye Centre Christus, nyumba ya Wajesuiti pale Remera, kufanya mafungo ya siku tatu. Padri akasema, "Zimeni simu. Kuanzia sasa hakuna maongezi, hata mezani."

Nilifikiri nitapumzika. Wapi! Dakika kumi za kimya zilinishinda. Kichwani mwangu kulikuwa na kelele kuliko foleni ya bomba: mdogo wangu aliyeacha masomo, majina ya kwenda ng'ambo tunayoyangoja, na zaidi mama. Mama alikimbia Masisi mwaka 1996, na mambo ya njiani hayasemi. Ukimwuliza, anajibu, "Achana nayo, mwanangu," anaendelea kuchambua maharage.

Nikamwendea padri nikamwambia mimi siwezi. Hakunigombeza. Alisema sala ya kimya si kufukuza mawazo. Unakaa wima, unapumua polepole, unashika neno fupi kama "Bwana, nihurumie". Wazo likija usipigane nalo. Mwonyeshe Mungu, halafu rudi kwa neno lako. Ukirudi mara mia, umesali mara mia. Akatukumbusha kwamba wamonaki wa jangwa la Misri walisali kwa maneno machache hivyo tangu karne ya 4, na kwamba Eliya kule Horebu hakumkuta Mungu katika upepo, wala tetemeko, wala moto, ila katika sauti ndogo, ya upole.

Siku ya pili tuliambiwa habari ya nyumba yenyewe. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu 17 waliuawa pale pale. Walikuwemo mapadri, kama Mjesuiti Chrysologue Mahame, na wanawake vijana wanane wa Vita et Pax. Nilikaa na habari hiyo mchana wote. Wale walikuwa katika nyumba ya sala, na kimya hakikuwakinga na kifo. Na bado watu wanarudi pale kunyamaza, na waliokufa wanakumbukwa kwa majina.

Hapo nikaelewa kitu. Kuna kunyamaza kwa kufunika kidonda bila kukiosha. Na kuna kunyamaza kwa kukifunua mbele ya Mungu. Havifanani hata kidogo.

Sasa mtaniuliza, mwalimu, hapa kambini kimya kiko wapi? Yesu alisema tuingie chumbani tufunge mlango. Kwetu tuko watu sita, na mlango wa chumba ni pazia. Lakini yeye mwenyewe aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pa faragha. Basi mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, kabla madumu hayajaanza kugongana bombani, nakaa nje ukutani robo saa.

Mara ya kwanza mama alidhani naumwa. Baadaye akaanza kuja kukaa karibu yangu, bila kuuliza kitu. Juma la tatu, asubuhi moja, akataja jina la mtoto. Ni kaka yangu, aliyebaki njiani mwaka ule. Sikuwahi kujua kama nilikuwa na kaka. Tulilia wote wawili, kisha akaenda kuteka maji.

Jaribuni nyumbani, hata dakika tano zinatosha kuanza. Watoto pia wanaweza. Ila kumbukumbu zikikuzidi nguvu, usibaki nazo peke yako. Mwendee mtu unayemwamini, au washauri wa kituo cha afya. Kuongea nako ni sala.

Mbaki na amani.

Mwalimu wenu